UZI: Mazishi ya mwanajeshi yakiisha, nani hubaki na mjane?

1.
Mnaijua hiyo picha. Jeneza limefunikwa bendera. Wanajeshi wamesimama wima, tarumbeta inalia, risasi zinapigwa hewani. Halafu mheshimiwa anapewa kipaza sauti: "Familia hii hatutaiacha!" Watu wanapiga makofi, chakula kinapakuliwa, magari yanarudi Kisumu.

Kuanzia Seme hadi Karachuonyo, tumehudhuria matanga kama hayo. Swali langu ni dogo tu: mwaka mmoja baadaye, mjane akiwa na bahasha ya makaratasi mkononi, ni nani anakaa naye chini?

2.
Uzi wa leo ni kuhusu hao wanaokaa naye chini: vyama vya wanajeshi wastaafu. Vinafanya nini, haviwezi kufanya nini, na kwa nini kila msimu wa siasa jina lao linatajwa sana na kazi yao inajadiliwa kidogo.

Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama cha siasa. Tunachambua hoja. Ni mrefu, kwa hivyo shika chai.

3.
Kwenye mijadala ya redio na huku mitandaoni, hoja zinazorudi ni hizi nne:

a) "Wanapewa pensheni, sasa wanataka nini tena?"
b) "Wale wazee wa vita vya mzungu, hilo ni deni la mzungu."
c) "Wa 1982 ni waasi, hawahesabiki."
d) "Hivyo vyama ni vya kula pesa na kupigia watu kampeni."

Kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana zinadumu. Tuzipitie pole pole.

4.
Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo kwenye runinga huchanganywa kama githeri.

Pensheni ni haki ya kila mwezi kwa aliyetimiza miaka ya utumishi inayotakiwa.
Kiinua mgongo ni pesa ya mkupuo mtu anapotoka.
Msaada ni kitu cha tatu: chakula, dawa, nauli, mabati, karo. Huu si haki ya kisheria. Unatoka kwa watu waliokubaliana kusaidiana.

Chama cha wastaafu hakilipi pensheni. Rudia hiyo mara mbili. Pensheni hulipwa na serikali. Chama kinafanya kazi kwenye pengo lililo kati ya haki na mtu mwenye hiyo haki. Na hilo pengo, wenzangu, ni pana kuliko Ghuba ya Winam.

5.
Chama kikongwe Kenya ni Defence Forces Old Comrades Association, DEFOCA. Wazee wengi bado wanakiita KAFOCA, jina lake la zamani. Ukimwambia jaduong' fulani kijijini "DEFOCA" anaweza kukukodolea macho, lakini ukisema "KAFOCA" anaanza kukupigia hadithi.

Kimeshikana na Royal Commonwealth Ex-Services League, muungano wa vyama vya wanajeshi wa zamani wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1921. Kupitia huo muungano, msaada wa wale waliotumikia jeshi la Uingereza kabla ya uhuru, pamoja na wajane wao, hufika nchi mbalimbali. Chama cha hapa nyumbani ndicho chenye kazi ya kujua nani bado yuko hai na anaishi wapi.

6.
Hapo kwenye "kujua nani" ndipo moyo wa uzi huu ulipo. Watu wengi wanadhani tatizo la wastaafu ni pesa. Pesa ni tatizo, sikatai. Lakini mara nyingi kabla ya pesa kuna jina. Jina lisipoandikwa, deni halipo. Hakuna wa kulidai, hakuna wa kulilipa, na hakuna mwanasiasa wa kuaibika.

Na sisi watu wa ziwa tuna historia mbaya sana na majina yasiyoandikwa. Turudi nyuma kidogo, miaka mia na zaidi.

7.
Septemba 1914. Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza juzi tu huko Ulaya, lakini Wajerumani kutoka upande wa Tanganyika tayari wameingia Kisii. Kisumu, mwisho wa reli, inakuwa kambi ya vita. Meli za abiria na mizigo za ziwani zinafungwa mizinga. Wengi wetu hatukufundishwa hii shuleni: vita ya wazungu ilifika hapa kwetu kwa mashua.

Lakini jeshi halitembei kwa mizinga tu. Msituni hakuna barabara, na mbung'o wanaua ng'ombe na punda. Nani atabeba risasi, unga, na majeruhi?

8.
Jibu lilikuwa mwili wa Mwafrika. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwachukua vijana kwa lazima wawe wapagazi. Machifu wakapewa idadi ya watu wa kutoa. Nyanza ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa wengi. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, na kutoka hapo tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukinunua kiondo Kariokor, unasimama juu ya jina la vita.

Walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

9.
Sasa sikilizeni hii. Wapagazi walikuwa na mshahara, mdogo lakini ulikuwepo. Vita vilipoisha, kukawa na pesa nyingi za watu waliokufa ambazo hazijachukuliwa. Kwa nini? Kwa sababu rekodi zilikuwa mbovu: jina limeandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, chifu ametajwa siye. Jamaa hawakupatikana. Mabishano ya ofisi kwa ofisi kuhusu hizo pesa yakaendelea kwa miaka, na mwishowe familia hazikulipwa.

Mtu alikufa, mshahara wake ukabaki, na mamake alikuwa hai Gem au Nyakach akimsubiri. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye jina sahihi.

10.
Nenda Nairobi, katikati ya jiji, kwenye ile barabara kubwa yenye sanamu za shaba za askari na mpagazi. Soma maandishi yake. Yako kwa Kiswahili pia. Yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako.

Halafu zunguka hiyo sanamu ukatafute majina. Hakuna hata moja.

Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri yenyewe: watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine angalau 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Afrika Mashariki ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

11.
Na kuna habari njema kidogo. Miaka ya hivi karibuni, nyaraka za kijeshi za enzi ya ukoloni zilizokuwa zimehifadhiwa Nairobi zilifunguliwa na kuchambuliwa na tume hiyo pamoja na wanajeshi wetu. Ndani yake wamepata majina zaidi ya 3,000 ya watu waliokuwa hawajakumbukwa popote. Familia chache tayari zimepata kujua babu alipotelea wapi.

Kwa hivyo yule anayesema "hayo mambo yalipita, hakuna wa kujua" amekosea. Karatasi zikiwepo, na mtu akiwepo wa kuzunguka vijijini akiuliza, jina linaweza kurudi nyumbani baada ya miaka themanini.

12.
Vita ya Pili. Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini. Wengi walikuwa keya, yaani King's African Rifles, wengine wahandisi, madereva, wapiga mizinga. Walipigana Abisinia, Madagaska, na Bama, ile nchi inayoitwa Myanmar sasa.

Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Sri Lanka ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Walikufa karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa kikosi cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu. Sisi tunaoishi kando ya maji tunajua maana ya familia kusubiri mwili ambao hautakuja.

13.
Waliorudi walipewa kiinua mgongo. Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha hesabu ilivyopigwa: mzungu wa cheo cha chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu.

Piga hesabu ya miaka mitatu. Mzungu shilingi 360. Mwafrika shilingi 126. Bama ile ile na mbu wale wale.

Hoja (b) inapata nguvu hapo: kweli kuna deni la Uingereza, na limeandikwa kwa mkono wake yenyewe.

14.
Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa wakongwe wa Jumuiya ya Madola wanaoishi kwa dhiki, lengo likiwa mzee apate walau milo miwili kwa siku. Wengine walisema ni aibu, imechelewa miaka sabini. Wengine walisema afadhali uji wa leo. Wote wana haki.

Lakini tazama utaratibu. Pesa ikitoka London haijui njia ya kwenda Rarieda. Inahitaji mtu anayejua kwamba mzee fulani yuko hai, alikuwa kikosi fulani, cheti chake kililiwa na mchwa lakini nambari yake ya jeshi anaikumbuka kichwani. Wazee wa jeshi hawasahau nambari. Wanaweza kusahau jina la mjukuu, nambari hawasahau.

Huyo mtu wa kuuliza na kuthibitisha ndiye chama. Bila yeye hakuna mpokeaji, pesa iwe milioni ngapi.

15.
Kwa hivyo hoja (b), "ni deni la mzungu", ni nusu ya jibu. Aliyekuwa na miaka 18 vita vikiisha mwaka 1945 leo anakaribia 100. Wamebaki wachache mno. Wajane wamebaki zaidi kidogo. Kusubiri Uingereza ilipe kila senti huku hatumpelekei dani unga ni kubishana juu ya mgonjwa aliye kitandani.

Lidai deni, sawa. Lakini mdai anahitaji orodha, na orodha hutengenezwa hapa nyumbani.

16.
Sasa twende kwa waliotumikia Kenya huru. Hawa hawahusiki na msaada wa London. Ni wetu kabisa.

Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Tangu hapo tumekuwa na kizazi kipya cha wanajeshi wastaafu, vijana wa miaka thelathini na arobaini, si wazee wa mkongojo. Tumekuwa pia na wajane wapya. Shambulio la El Adde lilitokea tarehe 15 Januari 2016, na mpaka leo taifa halijapewa hadharani hesabu kamili ya waliokufa. Kila Oktoba 14 tunaadhimisha siku ya KDF. Maadhimisho ni sawa. Lakini familia isiyopewa hesabu kamili inabaki na maswali yale yale ya mwaka 1918.

17.
Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria maalum ya wanajeshi wastaafu. Ni hatua kubwa: kwa mara ya kwanza kuna sheria inayojaribu kusema mkongwe wa jeshi ni nani, aandikishwe vipi, na yeye na wanaomtegemea watazamwe vipi.

Hii inajibu hoja (a). Kama pensheni ingekuwa inatosha kila kitu, Bunge lisingehitaji sheria nyingine. Wapo waliotoka kabla ya kutimiza miaka ya pensheni. Wapo waliotoka kwa ugonjwa. Wapo ambao pensheni yao ya zamani ilipangwa kwa bei za unga za wakati huo.

Na kumbuka, sheria hiyo ni ya jeshi. Polisi wastaafu wana mlango wao. Ukisikia mwanasiasa anaahidi "maofisa wote waliostaafu" kwa pumzi moja, muulize anazungumzia sheria gani.

18.
Tuje kwa yule mjane wa mwanzo. Huyu ni mfano tu, lakini wa ziwa mtamtambua.

Marehemu aliingia jeshini kama "George Otieno". Kitambulisho kinasema "Otieno George Ouma". Cheti cha kifo kina "Joji". Ameoa kwa mila, ng'ombe zilipelekwa, picha zipo, lakini hakuna cheti cha ndoa. Na kuna mke wa pili Nakuru ambaye nyumbani walimjua siku ya matanga.

Jeshi linatafuta mtu aliyeandikwa kama jamaa wa karibu. Aliandika mamake, mwaka wa kwanza akiwa kuruta. Mama alifariki zamani.

Hapo hakuna mwizi wala mtu mbaya. Kuna karatasi ambazo hazizungumzi lugha moja.

19.
Ofisi zinazohusika: chifu kwa barua ya utambulisho, usajili wa vifo, mahakama kama kuna mgogoro wa urithi, kiapo cha kusahihisha majina, halafu idara ya pensheni ya jeshi yenyewe. Kila safari ni nauli. Kila "rudi wiki ijayo" ni siku ya kutouza samaki sokoni.

Hapa mstaafu mmoja anayejua njia ana thamani kuliko hotuba kumi. Anajua fomu gani kwanza. Anajua herufi zile kwenye cheti maana yake ni kikosi gani. Anamwambia mjane wa kwanza na wa pili wakae chini kabla ya kwenda mahakamani, kwa sababu wakipigana miaka mitano, wakili ndiye atasomesha watoto wake.

Ukweli mchungu: kazi hii haina picha nzuri ya kupost.

20.
Kuna jeraha lingine lisilo na fomu: kichwa. Mtu ametoka vitani, usiku anaamka akipiga kelele, mlango ukigongwa anajirusha chini. Kijijini watasema amerogwa, au ni chira, au amezoea pombe. Anaanza kukaa peke yake. Mke anaogopa kusema.

Hospitali kuu ya jeshi iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisumu. Hapa karibu tuna hospitali kubwa ya rufaa, ile watu huita Russia, lakini mwanajeshi mstaafu ataanzaje kumwambia mgeni mambo aliyoyaona?

Ndiyo maana kuketi pamoja kwa wastaafu si uvivu wa wazee wa baa. Mwanajeshi husema ukweli kwa mwanajeshi. Mara nyingi mwenzake ndiye wa kwanza kumwambia, "Ndugu yangu, hii ni kiwewe, twende kwa daktari, nitakusindikiza."

21.
Na kuna suala la kazi. Askari wa kawaida hustaafu bado ana nguvu. Ana nidhamu, anajua silaha, redio, magari, huduma ya kwanza. Anarudi Homa Bay, anakuta kazi iliyopo ni ulinzi wa geti usiku.

Ndipo wakala anapiga simu: kazi ya nje, mshahara wa dola. Wengine wamepata kazi halali Ghuba. Wengine wameingia kwenye mitego. Mwaka 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia kupigana upande wa Urusi dhidi ya Ukraine. Soko la watu wanaojua bunduki lipo, na linajua nani hana kazi.

Nchi isipokuwa na orodha ya wastaafu wake, mawakala watakuwa nayo.

22.
Hili ndilo jambo la jamii nzima, hata wewe ambaye huna mwanajeshi kwenu. Ziwa linaua watu kila mwaka kwa mashua mbovu na kukosa jaketi za kuokolea. Nyando ikifurika, watu wanahama na magodoro kichwani. Fikiria kaunti inayojua kwamba Nyakach kuna waliokuwa wahudumu wa afya jeshini kadhaa, Mbita kuna mabaharia wastaafu, Ahero kuna wahandisi wa madaraja.

Chama imara cha wastaafu kinaweza kuwaita kwa simu moja. Kundi la kwenye simu lisilo na ofisi wala orodha litatuma emoji za pole.

Kumsaidia mstaafu si sadaka pekee. Ni kutunza ujuzi ambao ulishalipwa na kodi yako.

23.
Hoja (c), 1982. Najua ni moto huku kwetu, tuiguse kwa adabu.

Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Watu walikufa, biashara ziliporwa. Baadaye Jeshi la Anga lilivunjwa na kuundwa upya. Waliopatikana na hatia mahakama ya kijeshi waliadhibiwa, na wengine walinyongwa.

Lakini kuna kundi jingine: waliokamatwa kwa sababu tu walikuwa wa jeshi hilo, wakateswa, wakaachiliwa bila kushtakiwa, wakapoteza kazi na marupurupu. Mahakama za Kenya baadaye ziliwapa baadhi yao fidia kwa mateso. Kwa hivyo kusema "wote waasi" hakulingani na mahakama zetu zenyewe. Na kusema "wote mashujaa" pia hakulingani na waliouawa siku hiyo. Njia ya haki ni ile ya kuchosha: faili moja moja, jina moja moja.

24.
Hoja (d): kula pesa na kampeni. Hii hofu ni halali. Chama chochote chenye michango kinaweza kuliwa. Na sare na medali jukwaani zinampa mgombea heshima ambayo hakuifanyia kazi. Mstaafu ni raia, ana kura yake na maoni yake, hakuna wa kumziba mdomo. Chama ni kitu kingine. Kikisimama upande mmoja, mjane wa upande wa pili hatabisha hodi.

Maswali ya kukiuliza tawi lolote: Mna orodha ya wanachama na ilisahihishwa lini? Hesabu za mwaka zilisomwa mbele ya nani? Wajane wana sauti kwenye kamati, au wanaitwa kupika tu? Mtu ambaye si mwanachama akija na shida, mnamfanyaje? Mwenyekiti amekaa miaka mingapi?

Tawi linalojibu bila hasira ni tawi zuri.

25.
Na maswali ya mheshimiwa, siku akishika kipaza sauti kwenye matanga:

Sio "utatusaidiaje?" Hilo atalijibu kwa bahasha ya elfu kumi na picha.

Muulize: Sheria ya 2022 imetengewa pesa ngapi kwenye bajeti ya mwaka huu? Uandikishaji wa wastaafu utafika kaunti zetu lini, au lazima mzee aende Nairobi? Je, Huduma Centre ya Kisumu inaweza kuwa na dawati lao, hata siku moja kwa mwezi? Familia za waliofia Somalia zitapata lini hesabu kamili?

Akisema "tutaangalia hiyo", andika tarehe aliyosema.

26.
Na kazi ya nyumbani, kwako wewe unayesoma. Kama una baba, mama, mjomba au babu aliyetumikia, fanya haya wikendi hii:

Muulize nambari yake ya jeshi na kikosi, andika.
Piga picha vyeti vyote na medali, weka mahali pawili.
Linganisha majina kwenye kitambulisho, cheti cha jeshi na cheti cha ndoa. Yakitofautiana, sahihisha angali hai.
Muulize aliandika nani kama jamaa wa karibu, na lini. Kama ndoa ni ya mila, isajilini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu.
Mtafutie wenzake. Hata kama hataki msaada, pengine anataka mtu wa kucheka naye kuhusu chakula cha kambini.

Hii haitaki mwanasiasa wala mchango. Inataka kalamu na saa moja ya kumsikiliza.

27.
Miaka mia iliyopita, mama wa mpagazi alinyimwa mshahara wa mwanawe kwa sababu hakuna aliyeandika vizuri jina na kijiji. Hatuna sababu ya kurudia hilo leo, na simu zina kamera.

Kama kuna mzee wa keya kwenu, au aliyepotelea vitani na hamkuwahi kujua wapi, tuandikie hapa chini alitoka sehemu gani na vita gani. Nambari ya jeshi na ya kitambulisho usiweke hadharani, hizo ni za familia na ofisi husika.

Uzi umeisha. Ukiwa na hoja tofauti, karibu, mradi iwe hoja. Usipokuwa nayo, mpigie mzee simu.